Turudishieni okestra nzima: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni Zanzibar

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari, utamaduni na michezo, pamoja na wakuu wa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, wa Shirika la Utangazaji Zanzibar na wa Mamlaka ya Mji Mkongwe,

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni nikiwa mpiga fidla wa safu ya nyuma. Sisi hatuimbi, hatutuzwi fedha, wala picha zetu hazibandikwi kwenye matangazo. Kazi yetu ni kupokea: mwimbaji akimaliza ubeti, fidla zinamjibu, naye anapata pumzi ya kuendelea. Ninachokisema humu basi nakijua kwa mikono yangu.

Ninalo jambo moja. Taarab ya asili ya mji huu imetungwa ipigwe na kundi kubwa la watu waliokaa pamoja, na kundi hilo siku hizi halikai pamoja. Wapigaji wapo. Ala zipo, ingawa nyingi zimechoka. Kinachokosekana ni mahali, ratiba na posho ya kuwaweka watu 25 kwenye viti 25 usiku mmoja, mwezi huu na mwezi ujao na mwezi wa baada yake. Tunapata vipande. Huku watu watatu, kule wanne, na kila kipande kinaitwa taarab.

Pengine mtauliza kuna ubaya gani, ikiwa wimbo ni uleule. Naomba nieleze, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapopotea kila tunapokaa kwenye vikao.

Okestra yetu ikiwa nzima huwa na safu ya fidla, selo, besi kubwa ya kusimama, udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi za kudonolewa), nai ya kupuliza, akodiani, na ngoma za dumbak, riki na bongo, halafu waitikiaji, wanawake kwa wanaume, na mwimbaji mbele. Mchezo hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu kisicho na maneno, ili masikio ya watu yaingie katika makamu, yaani ngazi ya sauti, ya usiku huo kabla mtu hajafungua kinywa. Muziki wetu haupangi sauti nne za kupishana kama wanavyofanya Wazungu. Sote tunapiga njia moja, na kila ala inaipamba kwa tabia yake. Kanuni inaimwaga kwa haraka, nai inaivuta, udi unaigonga chini kwa ufupi, fidla zinaiunganisha isikatike. Utamu wote umo katika tofauti hizo ndogo zinazotokea kwa wakati mmoja. Ukibakisha udi, kanuni na dumbak, wimbo utautambua, lakini kile kilichokuwa kikifanyika kati ya ala na ala kimekwisha.

Fidla peke yake ni mfano mzuri. Shingo yake ni laini, haina vigawanyo, kidole kinatafuta sauti penyewe. Kwa hiyo fidla 6 haziwezi kulingana sawasawa kabisa, na kule kupishana kwa unywele mmoja ndiko kunakoipa safu ule unene wake. Kinanda cha umeme kina kitufe kiitwacho fidla. Ukikibonyeza kinatoa sauti safi, iliyonyooka, na isiyo na mtu ndani yake. Tena kinanda cha kawaida kimegawiwa sauti 12, basi, na zile sauti za katikati ambazo makamu za Rast na Bayati zinazihitaji hazimo isipokuwa kimerekebishwa kwa makusudi. Sikidharau kinanda. Taarab ya kisasa imelisha nyumba nyingi tangu miaka ya 1990, na harusi za mji huu haziwezi kwenda bila rusha roho. Ila hiyo ina soko lake na wateja wake. Okestra haina soko la namna hiyo, na ndiyo maana nabisha mlangoni kwenu.

Naomba tukumbushane tulipotoka.

Inasimuliwa, na wazee wa mjini wote wanaijua habari hii, kwamba Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri akawaleta wapigaji wa huko waje kumtumbuiza kasrini. Kisha akafanya la maana kuliko kukodi: akamtuma kijana, Mohamed Ibrahim, aende Cairo akajifunze kanuni. Kijana aliporudi alifundisha wengine, na kundi la kasri likapatikana papa hapa. Bwana huyu ndiye aliyetujengea Beit el-Ajaib, iliyokamilika 1883, na ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini. Naiweka ile safari ya Cairo katika hesabu hiyo hiyo. Fedha ya serikali tunayoisikia mwanzoni mwa historia ya taarab ilikwenda pia kumsomesha mwanafunzi.

Mwaka 1905, enzi ya Seyyid Ali bin Hamoud, vijana wa mjini waliamua muziki huo usibaki ndani ya kuta za kasri. Wakaunda klabu yao, Ikhwani Safaa, wakachangishana, wakaagiza ala kutoka Misri, wakaanza kujifunza. Hawakuwa wanamuziki wa kulipwa. Walikuwa watu wa kazi zao za mchana, wakikutana jioni, na klabu ilikuwa chama cha kuzikana na kusaidiana kadiri ilivyokuwa chama cha muziki. Klabu hiyo ipo mpaka leo. Umri wake umeshatimia miaka 120.

Nataka wakuu wangu mlipime jambo hilo kwa mizani ya dunia. Mwaka mmoja tu kabla, 1904, wapigaji wa London waliokuwa chini ya kiongozi Henry Wood walikataa amri mpya iliyowazuia kutuma mtu wa kushika nafasi zao kwenye mazoezi. Wakajitoa, wakaunda London Symphony Orchestra, okestra inayoongozwa na wapigaji wenyewe. Okestra ya Berlin nayo ilizaliwa kwa namna hiyo mwaka 1882, wapigaji walipomkimbia bwana aliyekuwa akiwalipa vibaya. Kwa hiyo okestra ya Unguja na ya London ni watoto wa rika moja, na zote mbili zilianzishwa na wapigaji wenyewe. Anayetuambia kwamba okestra ni jambo la Wazungu tuliloliiga juzi, mwelezeni hivyo.

Tofauti imekuja baadaye. Ile ya London ilipata kwake: tangu 1982 inakaa katika ukumbi wa Barbican, uliojengwa na halmashauri ya eneo la City, na halmashauri hiyo huichangia fedha za kuendesha kazi. Tiketi peke yake haiilishi. Hakuna okestra kubwa duniani ninayoijua inayoishi kwa mlango tu, iwe ya London, ya Berlin au ya Cairo. Misri ilipoona nyimbo zake za zamani zinaanza kusahaulika, mwaka 1967 kiliundwa kikosi maalumu chini ya Wizara ya Utamaduni, kikiongozwa na Abdel Halim Nowera, kazi yake ikiwa ni kuzipiga upya zile za kale kwa okestra kamili. Walikuwa na mashujaa wakubwa walio hai, redio na sinema, na bado waliona haitoshi mpaka serikali ishike mkono.

Nitajibiwa kwamba Siti binti Saad hakuwa na okestra ya watu 25. Ni kweli, na hoja hiyo naiheshimu. Binti huyo wa Fumba, aliyezaliwa mwaka 1880 na aliyeingia mjini akiuza vyungu, alisafiri Bombay mwaka 1928 na wenzake wachache akarekodi sahani za santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Zikauzwa pwani yote. Kundi lake lilikuwa dogo, na kazi aliyoifanya ilikuwa kubwa kuliko ya kundi lolote: aliitoa taarab katika Kiarabu akaiingiza katika Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, akaimba kesi za mahakamani, dhuluma, na mambo ya mitaani. Lakini tazameni kilichofuata. Alipofariki mwaka 1950, taarab ilikuwa na njia mbili, ile ya kwake ya Kiswahili na ile ya klabu yenye ala nyingi za Kiarabu, na katika miaka iliyofuata njia hizo zilikutana. Watu walikuwa wakienda sinema kuwatazama Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab, wanatoka mle na hamu ya safu za fidla, na maneno waliyoyaweka juu ya fidla hizo yakawa ya Kiswahili, kwa vina na mizani ya mashairi yetu. Hapo ndipo okestra ya Unguja ilipokuwa ya Unguja hasa. Misri hawana kitu kama hicho, wala India, wala Uingereza.

Mwaka 1958 kikazaliwa kikundi cha pili kikubwa, kilichoanza kwa jina la Shime Kuokoana na ambacho leo wengi wanakijua kama Culture Musical Club au Mila na Utamaduni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 klabu zilipangwa upya. Ikhwani Safaa ikaitwa ya Malindi kwa muda, kisha jina lake la asili likarudi. Wanawake wakaingia ndani ya vikundi vilivyokuwa vya wanaume. Serikali ilitoa mkono wake, redio ikarekodi, ala zikapatikana, na vijana wa skuli wa Ng'ambo ambao baba zao wasingeruhusiwa kukanyaga kasrini wakashika selo na kanuni. Nalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba kuomba fedha za serikali kwa ajili ya taarab ni kudai starehe za masultani. Okestra kubwa kama tunavyoijua ni kazi ya mikono ya watu wa baada ya Mapinduzi kwa kiasi kikubwa, na ilikua kwa sababu dola iliamua ikue.

Kisha tukatoka nje. Culture imepiga Ulaya mara nyingi, kumbi zimejaa. Bi Kidude, ambaye sauti yake ilisikika mbele ya okestra hizi, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, akafariki tarehe 17 Aprili 2013, na mji ukasimama kumzika. Mwaka huo huo wa 2005 Ikhwani Safaa ilitimiza miaka 100. Ilionekana kama mambo yamenyooka.

Hayakunyooka. Ninavyoona mimi, utalii uliotusaidia kusikika ndio pia uliotukata vipande, na haukufanya hivyo kwa ubaya. Mwenye hoteli anahitaji muziki wa kulia chakula, usiomzuia mgeni kuzungumza, na ana nafasi ya viti vitatu kando ya bwawa la kuogelea. Tuliwahi kuitwa na hoteli moja ya kaskazini. Tukapeleka watu 12, tena tukiwa tumepunguza. Msimamizi alitupokea kwa adabu, akatuhesabu kwa kidole, akasema anahitaji watatu, waliobaki wasubiri kwenye gari. Nilisubiri kwenye gari na fidla mapajani mpaka saa tano usiku. Simlaumu kwa hesabu zake, biashara ni yake. Lakini mpigaji mwenye watoto akishalipwa mara mbili tatu namna hiyo anajifunza kwamba wenzake 22 ni mzigo. Mazoezi ya pamoja yanakuwa hasara kwake, maana jioni ile ya mazoezi angeweza kuwa kando ya bwawa. Ndivyo kundi linavyopukutika, bila ugomvi na bila mtu kujiuzulu.

Na kundi lisilofanya mazoezi pamoja husahau. Nyimbo zetu nyingi hazikuandikwa kwa noti. Maneno yamo kwenye madaftari, lakini njia ya fidla ya wimbo fulani, mahali inapopanda na inapomsubiri mwimbaji, imo vichwani mwa watu wanne au watano, na haitoki kichwani kwa kuulizwa. Muulize mzee, atasema amesahau. Mkalishe kati ya wenzake, ianze bashraf, vidole vyake vitakwenda vyenyewe. Nimeyaona haya klabuni si mara moja. Kumbukumbu hiyo haimo ndani ya mtu mmoja, imo katika kukaa kwao pamoja. Kuwarekodi mmoja mmoja kwa simu, kama miradi mingine ilivyopendekeza, hakuwezi kuikamata.

Tazameni kanuni. Kabla ya onyesho mwenye kanuni hufika mapema kuliko sote. Anaiweka mapajani au mezani, anatoa ufunguo wake mdogo wa chuma, anaanza kuikaza. Kila sauti ina nyuzi tatu, na ala nzima ina nyuzi 70 na zaidi, kwa hiyo anakaza tatu zilingane, anahamia nyingine, na akifika mwisho zile za mwanzo zimeshalegea kwa unyevu wa bahari. Anarudi. Daraja lake linakalia ngozi, na ngozi nayo hunywa unyevu. Kisha anavaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, anachomeka vile vijiti vya kudonolea, na hapo ndipo anapokuwa tayari. Kazi hiyo yote akiifanyia wageni 8 wanaokula samaki, inachosha roho. Nyuzi zikikatika hatuzipati Darajani, tunamwagizia anayesafiri Cairo au Dubai, na akirudi na za udi badala ya za kanuni tunasubiri msafiri mwingine. Sijui fundi kijana hapa mjini anayeiweza kazi ya kutengeneza kanuni iliyopasuka, ninaowajua ni watu wazima.

Sasa maombi yangu.

La kwanza, na kama hamtaweza mengine tekelezeni hili, ni onyesho moja la okestra nzima kila mwezi, hapa mjini, mahali pamoja, siku inayojulikana. Mahali papo. Ngome Kongwe ina jukwaa la wazi ambalo Sauti za Busara imelitumia tangu 2004 na mji mzima unalijua. Vipo pia vyumba na kumbi za serikali ambazo jioni hufungwa. Ikhwani Safaa na Culture zipokezane mwezi kwa mwezi, na mara moja kwa mwaka zikae jukwaa moja. Tiketi ya mwananchi iwe ya bei anayoiweza muuza duka, ya mgeni iwe juu. Na wapigaji walipwe posho ya onyesho pamoja na posho ya mazoezi, kwa sababu mazoezi ndiyo yanayotuponyoka. Mnalijua jambo hili linawezekana. Kila Januari, sherehe za Mapinduzi zinapofika, taarab rasmi huandaliwa, watu hukusanywa, mazoezi hufanywa, nguo hushonwa, na viongozi huja kukaa mbele. Okestra nzima hupatikana kwa sababu dola imeihitaji usiku ule. Naomba muihitaji pia mwezi wa Machi, na wa Agosti.

Pemba isiachwe kuwa mgeni wa kualikwa. Onyesho mojawapo katika kila robo ya mwaka lipelekwe Chake Chake au Wete, okestra ipande meli ikiwa kamili, besi kubwa na yote. Najua besi ni taabu bandarini. Imeshavuka bahari mpaka Ulaya, itavuka na mkondo wa Pemba.

Ombi linalofuata linahusu walimu. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilipofunguliwa mwaka 2002, kikasomesha kwa miaka mingi ndani ya Jumba la Forodha la zamani pale Mizingani, kilifanya kazi ambayo klabu zilikuwa hazina nguvu tena ya kuifanya. Wasichana wadogo walishika udi na fidla, na baadhi yao leo ni wapigaji wakubwa. Chuo hicho kimeishi kwa ufadhili wa nje, na mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Somo la muziki wa taifa halifai kutegemea huruma ya balozi fulani. Mwalimu mmoja wa fidla, mmoja wa kanuni na mmoja wa udi wakiwekwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, kama alivyo mwalimu wa hesabu, wakapangiwa skuli chache za Mjini na za Pemba, katika miaka 10 tutakuwa na safu mpya. Fidla haijifunzwi kwa semina ya siku tatu. Mtoto anahitaji miaka miwili kabla hajatoa sauti ya kuvumilika na mitano kabla hajaweza kukaa nyuma yangu. Tukianza leo tumeshachelewa, lakini walimu wenyewe bado wako hai.

Halafu kuna kanda. Redio ya hapa ilianza mwaka 1951, na kwa miongo mingi ilirekodi klabu zetu kwenye kanda kubwa za mizunguko. Hazina hiyo ni ya taifa. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi, na gundi ile, hasa ya kanda za miaka ya 1970 na 1980, hunyonya unyevu ikawa ulimbo. Ukiuzungusha utepe bila kuutayarisha, unga unabanduka na muziki unabanduka nao. Nilikwenda ofisi moja kuomba nakala ya wimbo ambao marehemu mwalimu wangu alipiga fidla ya mbele. Nikapokewa vizuri, sanduku likatolewa, jina likasomeka kwa wino. Kanda ilipowekwa kwenye mashine ililia kama mlango mkavu, ikasimama, na utepe ukaacha vumbi la kahawia kwenye chuma. Hakuna aliyekuwa na kosa siku ile. Ila sikusikia fidla ya mwalimu wangu, na sitarajii kuisikia kwenye kanda ile tena.

Kazi ya kuziokoa inafahamika: kanda huorodheshwa, zilizo hatarini zaidi hutangulizwa, hukaushwa kwa joto dogo linalopimwa, huchezwa mara moja na kunakiliwa kwenye kompyuta, na nakala huwekwa sehemu mbili tofauti. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina uzoefu wa kutunza vitu vya zamani, Shirika la Utangazaji lina kanda, klabu zina wazee wanaoweza kusema nani anapiga nini. Nyote mko mji mmoja. Kinachotakiwa ni barua moja yenye saini ya kuwakutanisha, na fungu la fedha. Na nakala zikipatikana, klabu zipewe za kwao bila kulipishwa, maana kuna wimbo ambao tunautafuta miaka na waliotunga ni sisi.

Kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe nina neno fupi. Mji huu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mwenye nyumba hawezi kubadili dirisha bila kibali. Sipingi. Sehemu ya Beit el-Ajaib ilipoanguka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu, sote tuliona gharama ya kuchelewa. Lakini nyumba za klabu zimo ndani ya mji huo huo. Mgeni anayepita jioni chini ya dirisha la mazoezi na kusimama kusikiliza amesimama kwa sababu ya kitu ambacho orodha zenu za milango na baraza hazikitaji. Kitajeni. Zitambueni nyumba za klabu za muziki kwa matumizi yake, ili siku mwenye fedha akitaka kugeuza moja kuwa vyumba vya kulala wageni akute imeandikwa mahali kwamba hapo ni mahali pa okestra.

Najua mtaniambia bajeti ni finyu, kuna hospitali na kuna maji. Sijaomba jengo jipya. Ukumbi upo, wapigaji wapo, nyimbo zipo, walimu wapo, na hata watazamaji wapo: fanyeni onyesho moja la bure Forodhani muone. Nachoomba ni posho za watu 25 kwa maonyesho 12, mishahara ya walimu watatu, sanduku la nyuzi na ngozi kutoka Cairo, na mashine ya kunakilia kanda na fundi wake. Wenye mahesabu wakae na klabu, watapata jumla, na nina hakika itakuwa ndogo kuliko gharama za tamasha moja la kukaribisha wawekezaji.

Baraza la Wawakilishi huketi kwa bajeti kabla ya Julai. Naomba kabla ya hapo Wizara iwaite viongozi wa klabu zote mbili kikao kimoja, na waje pia wapigaji wa safu ya nyuma, si wenyeviti peke yao. Orodha ya ala zinazohitaji matengenezo, moja moja na ugonjwa wake, tumeshaiandika. Mtakayemtuma aichukue atatukuta kwenye mazoezi.

Wasalaam,

Mpiga fidla, Mji Mkongwe, Unguja